Chokaa isiyotuama

Wenzetu wa zamu walikuwa wameshaanza kuvua makoti ya maabara kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo aliponiita. "Kaka, njoo uone. Imeganda."

Alikuwa amesimama mbele ya chupa ya duara yenye shingo tatu. Kilichokuwa ndani, ambacho muda mfupi kabla kilikuwa kimiminika cha kahawia kinachozunguka vizuri, kilikuwa kimesimama kama uji uliosahaulika jikoni. Mwiko wa mashine ulikuwa unazunguka peke yake ndani ya tundu ulilojichimbia. Pembeni hakuna kilichosogea. Kaboni dayoksaidi ilikuwa bado inaingia kwa chini, inatafuta njia, inatoka juu kwa kupasua povu moja moja.

Tulikuwa tunafuata hataza, yaani hati ya ulinzi wa uvumbuzi. Ni hataza ya Marekani, ya zamani, muda wake umekwisha miaka mingi. Inaahidi njia ya kutengeneza viongezeo vya kusafishia injini visivyotuama wala kuganda ghalani. Tulifuata mfano wake wa kwanza mstari kwa mstari: asidi ya salfoniki, mafuta ya msingi, tolueni, methanoli, chokaa. Joto lilikuwa ndani ya kiwango. Ila pale penye gesi, mfano ulisema tu ipitishwe mpaka mmenyuko ukamilike.

Ukamilike kwa kipimo gani?

Mkuu wetu wa maabara, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alichukua zile karatasi, akavaa miwani, akazisoma zote bila kuinua kichwa. Kisha akamrudishia kijana.

"Ameandika," akasema. "Hajafundisha."

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki baada ya wiki. Hataza ni mkataba: jamii inampa mvumbuzi ulinzi, kwa kawaida wa miaka 20, naye anaiachia jamii elimu ya namna ya kukitengeneza kitu chake. Sasa kama elimu hiyo haipo kwenye karatasi, sisi tuliokuja baada ya muda kwisha tumepokea nini? Na nani alikuwa na kazi ya kuhakikisha ipo?

## Theluthi nzima ni jiwe

Wengi mnaopita hapa mnashika oili kila siku, kwa hiyo TBN naitaja kwa kifupi tu: ni kipimo cha nguvu ya oili kuua asidi. Naomba tutazame jambo moja tulilolizoea mpaka hatulioni tena.

Chukua kalsiamu salfoneti, kiongezeo cha aina tuliyokuwa tunaitengeneza, ya TBN 400. Inatiririka. Ukiinua sampuli dirishani unaona mpaka upande wa pili. Sasa piga hesabu: TBN 400 maana yake kila gramu ina nguvu ya kuua asidi sawa na miligramu 400 za potasiamu haidroksaidi. Ukichukulia kwamba besi yote iliyomo ni kalsiamu kaboneti, inakuja miligramu 356 hivi katika kila gramu. Zaidi ya theluthi ya uzito wa kimiminika kile kinachong'aa ni jiwe. Kikemia ni kitu kile kile cha matumbawe, ambayo mababu wa pwani waliyachoma kupata chokaa ya kujengea Kilwa na Lamu.

Jiwe, ndani ya mafuta, na halizami.

Halizami kwa sababu limegawanywa kuwa chembe za nanomita 10 hivi au chini ya hapo, na kila chembe imevikwa ngozi ya salfoneti: kichwa chake kimeshika jiwe, mkia umeelekea kwenye mafuta. Chembe ni ndogo mno kuzuia mwanga, ndiyo maana kimiminika kinaonekana safi. Salfa ya mafuta ikiungua kwenye silinda na kuzaa asidi ya salfuriki, asidi inakutana na chokaa hii kabla haijaufikia ukuta wa chuma. Meli zilipokuwa zikichoma mafuta mazito yenye salfa hadi asilimia 3.5, oili za silinda zenye TBN ya 70 na 100 zilikuwa jambo la kawaida. Kuanzia Januari 2020 kikomo kilishuka hadi asilimia 0.50, na namba nazo zikashuka, 40 ikawa ya kawaida. Chokaa haijaondoka, imepungua tu.

Shida ni kwamba utulivu wa chokaa hii ni wa kulazimishwa. Kaboneti iliyo ndani ya chembe haijajipanga kuwa fuwele. Maji kidogo, pamoja na methanoli, yanaisaidia chokaa tunayoitia kumenyuka na gesi kuwa kaboneti. Maji yakizidi, au gesi ikiendelea kuingia baada ya chokaa kwisha, kaboneti huanza kujipanga, fuwele zinakua, zinashikana, na chupa nzima inasimama. Kuna watu wanaofanya hivyo kwa makusudi, na hataza zao zipo tangu miaka ya 1960: grisi ya kalsiamu salfoneti hutengenezwa kwa kuchukua kiongezeo hiki hiki na kukigeuza kwa maji na joto. Kilichotuharibia kazi jioni ile, kwingine kinauzwa kwa ndoo.

Kwa hiyo tofauti kati ya kiongezeo na grisi iko kwenye maji, kasi ya gesi, muda, na nini kinatangulia kuingia. Ndivyo vitu ambavyo hataza yetu ilivinyamazia.

## Anayesoma kwa niaba yetu

Nikaanza kusoma majalada ya ukaguzi wa maombi ya hataza. Kwenye Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao yake Munich, ombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza ya kuwasilishwa, na tangu hapo jalada liko wazi mtandaoni kwa mtu yeyote, bila malipo: barua za mkaguzi, majibu ya wakili, madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya ulinzi, yaliyofutwa na kuandikwa upya. Nilianza na viongezeo vya aina yetu, nikashindwa kuacha.

Barua za mwanzo hufanana. Mkaguzi ametafuta maarifa yaliyotangulia, amepata hataza nyingine ya salfoneti, anauliza kuna nini kipya. Sehemu hiyo niliipita haraka. Iliyonisimamisha ni pale anapofika kwenye ahadi ya utulivu. Dai linasema bidhaa haitatuama. Mkaguzi anauliza: haitatuama kwa joto gani? Kwa muda gani? Ikiwa peke yake au ikishachanganywa kwenye mafuta? Mashapo yamepimwa kwa mashine ya kuzungusha au kwa macho? Bila kipimo, mshindani hawezi kujua kama yumo ndani ya uzio au yuko nje, na Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliosainiwa mwaka 1973, unataka madai yawe wazi.

Kisha inakuja hatua niliyoisoma mara nyingi kuliko zote.

Mwombaji akibanwa kuhusu kiasi cha maji, hujibu kwamba mtaalamu yeyote wa fani anajua maji yaweje. Jibu zuri, mpaka mkaguzi anapoligeuza: kama kila mtaalamu anajua, basi uvumbuzi wako uko wapi? Na kama hakuna anayejua, umekiandika ukurasa gani?

Hapo mwombaji anatamani kuongeza namba. Anayo, iko kwenye daftari la maabara yake. Hawezi. Kifungu cha 123(2) cha Mkataba ule kinakataza kuingiza jambo lolote ambalo halikuwamo siku ombi lilipowasilishwa. Ulichokificha siku ile, au ulichokisahau, hakikuokoi tena.

Mara ya kwanza nilihisi ni ukatili. Mtu ametumia miaka kazini, anaangushwa na namba moja ambayo hakuiandika. Nimelizungusha jambo hili sana, na nikijiweka upande wa yule atakayefungua karatasi hizo miaka 30 baadaye, katika maabara ya mji mwingine, bila simu ya kumpigia mvumbuzi, namuunga mkono mkaguzi. Katika chumba kile ndiye mtu pekee anayeuliza maswali ya huyo msomaji.

## Gundi ya muhogo

Swali la mkaguzi si geni. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Holland Furniture dhidi ya kampuni ya Perkins Glue. Perkins walikuwa wamepata gundi ya mbao inayotokana na wanga, na muhogo ukiwamo. Mafundi walikuwa wamezoea gundi ya wanyama, ile ya kuchemsha ngozi na mifupa, kwa hiyo gundi ya muhogo yenye nguvu ya kushindana nayo ilikuwa kazi ya maana. Mahakama haikulikana hilo. Ilichokataa ni namna walivyodai: gundi ya wanga yenye sifa sawa na gundi ya wanyama, bila kufungwa na viungo na matayarisho waliyoyagundua. Ukidai matokeo, umewazuia hata watakaofika hapo kwa njia ambayo wewe hukuiota. Mahakama hiyo hiyo iliirejea kesi hii Mei 2023 ilipokuwa inaamua mgogoro wa Amgen na Sanofi kuhusu dawa za kingamwili, na majaji wote walikuwa upande mmoja.

Ulaya wana kesi iliyo karibu zaidi na fani yetu. Uamuzi T 409/91, wa Machi 1993, ulihusu ombi la Exxon la mafuta ya dizeli yanayokumbwa na baridi. Nta iliyomo hujitenga kuwa fuwele na kuziba chujio. Exxon walidai mafuta ambayo fuwele zake, zikijitenga, zina ukubwa wa wastani chini ya nanomita 4000. Namba ipo, kipimo kipo. Lakini maelezo yalionyesha namna ya kufika hapo kwa viongezeo vya aina fulani tu, na dai lilichukua mafuta yote yenye fuwele ndogo kiasi hicho, kwa njia yoyote ile. Bodi ya Rufani ilikataa.

Nilipousoma uamuzi huo nilielewa kwamba hata namba peke yake haitoshi. Nanomita 4000 ni matumaini yaliyopimwa vizuri. Kinachostahili malipo ni barabara ya kufika pale.

## Kutu na msuguano

Kuna kesi moja, hata hivyo, ambayo bado sijapatana nayo.

Ni G 2/88, ya kampuni ya Mobil, iliyoamuliwa na Baraza Kuu la Rufani la Ofisi ya Ulaya Desemba 1989. Kiongezeo cha vilainishi kilikuwa kinajulikana: kilitiwa kwenye oili kuzuia kutu. Mobil waligundua kwamba kinapunguza pia msuguano, wakaomba hataza ya kukitumia kwa kazi hiyo. Kiongezeo kile kile, ndani ya oili ile ile. Mtu aliyekitia kuzuia kutu alikuwa anapunguza msuguano tangu zamani, ila hakujua.

Baraza lilisema linaweza kuwa jambo jipya. Cha kuuliza ni nini kiliwekwa wazi kwa umma. Kilichokuwa kikitendeka ndani ya injini bila mtu kukijua hakihesabiki kuwa kimefundishwa.

Ukifuata mstari niliokuja nao tangu mwanzo, nalazimika kukubali. Kama nasema thamani ya hataza ni kile kinachofundishwa, basi siwezi kuiita elimu kitu kilichokuwa kinatokea gizani. Lakini nafikiria mwenye gereji ambaye amenunua oili ya kuzuia kutu miaka yote. Hajabadilisha chochote. Siku ya siku, jambo lililokuwa likitokea ndani ya injini za wateja wake lina mwenyewe. Baraza liliona tatizo hilo, likasema haki za mtumiaji wa zamani ni suala la sheria za nchi moja moja wakati wa kesi za uvunjaji. Labda ndivyo ilivyopasa. Mimi nimebaki na shaka, na nikipata anayeweza kunieleza vizuri zaidi nitamsikiliza.

## Mkaguzi hana chupa

Nilimsimulia Mwalimu haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa niambie," akasema, "huyo mkaguzi wako, akisoma mfano wa kwanza, anaujaribu?"

Haujaribu. Mkaguzi ana meza, kompyuta na hifadhi kubwa ya nyaraka. Hana chupa ya shingo tatu wala mtungi wa gesi. Akikutana na sentensi inayosema gesi ipitishwe mpaka mmenyuko ukamilike, na hana ushahidi kwamba sentensi hiyo humwangusha mtu, kanuni inamtaka aamini. Ili kupinga ombi kwa hoja kwamba maelezo hayatoshi, anahitaji mashaka mazito yanayosimama juu ya mambo yanayoweza kuthibitishwa. Karatasi haigandi. Njia inayoganda na isiyoganda zinafanana kabisa zikiwa zimepigwa chapa.

Hili liliniyumbisha kuliko kesi zote. Nilikuwa nimejenga picha ya mtu mmoja mwenye macho makali anayetulinda sote, kumbe ana mipaka, na mpaka wenyewe uko pale hasa ambapo kazi yetu inaanza.

Wenye chupa ni washindani. Baada ya hataza ya Ulaya kutolewa, kuna miezi tisa ambayo yeyote anaweza kuipinga, na kampuni pinzani huleta ripoti za maabara: tumerudia mfano wa tatu, haya ndiyo tuliyopata. Ripoti hizo nazo hubaki kwenye jalada. Hata kabla ya hapo, ombi likiwa bado linakaguliwa, mtu yeyote duniani anaruhusiwa kupeleka maoni yake kwa maandishi bila ada na bila wakili. Kwa kadiri sheria inavyosema, kijana wetu wa mafunzo angeweza kuiandikia Munich kuhusu ombi kama hilo, kwamba njia yake inaganda, na kuambatanisha namba zake. Nimemwambia hivyo. Alidhani namtania.

Namtaka aliamini, kwa sababu tunazoea kuzitazama hataza za wakubwa kama ukuta. Hataza isiyoombwa Tanzania, iwe moja kwa moja au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu, kule Harare, haina nguvu Tanzania hata siku moja, lakini maandishi yake tunayasoma bure kama mtu mwingine yeyote. Uzio hauko kwetu. Shule iko wazi kwetu. Ubora wa shule hiyo unategemea walivyokuwa wakali wale walioikagua.

## Jedwali la walioshindwa

Kilichonirudisha maabara ni kitu ambacho nilikuwa nakiruka kila niliposoma hataza: mifano linganishi.

Mtu akiboresha njia inayojulikana, mkaguzi humwambia: mabadiliko yako madogo angeyafikiria mtaalamu yeyote, nionyeshe yameleta nini kisichotarajiwa. Jibu linalosimama ni vipimo vya ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo mwombaji analazimika kutengeneza na kuchapisha bidhaa zilizoharibika. Hizi hapa zilizofuata njia yangu, na hizi hapa zilizotoka nje ya njia. Kampuni haina hamu ya kutangaza makosa ya maabara yake. Inayatangaza kwa sababu sharti la hatua ya uvumbuzi halina huruma.

Na kwa mtu wa maabara ndogo, jedwali hilo ndilo ukurasa wenye faida kuliko yote. Mfano uliofaulu unakwambia kwamba kuna mtu aliwahi kufika. Ulioshindwa unakwambia shimo liko wapi.

Tulitafuta hataza za baadaye za mchakato kama wetu, safari hii tukianzia na majedwali. Kijana ndiye aliyelipata tulilolihitaji. Hataza ile inapima gesi kwa uzito badala ya kungoja "ukamilike", inaikata kabla chokaa haijaisha yote, na inataja maji kama kiungo chenye kiasi chake. Kwenye safu ya mifano linganishi, maji yakiwa juu ya kiasi hicho, matokeo yameandikwa kwa ufupi: imeganda, haikuchujika.

"Kaka," akasema, "hawa wametuandika sisi."

Mwalimu alisoma, akauliza swali ambalo hakuna hataza tuliyoisoma imeligusa: hayo maji wanayoyapima ni yale waliyoyamimina tu, au ni pamoja na yaliyokuja yenyewe? Methanoli hunywa unyevu wa hewa. Chokaa nayo, mfuko ukishafunguliwa, haibaki kavu. Aliyeandika kiasi cha maji katika mji wenye hewa kavu huenda hakuwa na sababu ya kuwaza hewa ya Dar es Salaam mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea.

Tumeanza kupima maji ya methanoli kwa Karl Fischer, njia ya kikemia ya kupima maji, pipa lililofunguliwa na ambalo halijafunguliwa, na chokaa tunaipima kwa kuikausha na kuilinganisha uzito. Kiasi kitakachoonekana tutakitoa kwenye maji ya mfano kabla hatujamimina tone. Kama uko Changamwe, Kurasini au popote penye hewa ya bahari, na umewahi kupitisha gesi kwenye chokaa na salfoneti, niandikie hapo chini ulianza na maji kiasi gani na gesi uliikata wakati gani. Ikikugandia pia, andika. Hizo ndizo namba ninazozitafuta zaidi.